The African Queen kwenye DVD: picha imetakata, na meli yenyewe naijua

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo nimeshika The African Queen, filamu ya Waingereza na Wamarekani ya mwaka 1951, toleo la DVD la Paramount la 2010. Nianze na jambo la kukuokolea hela: diski hii imefungwa isomwe na deki za eneo namba 1 tu, yaani Marekani. DVD za Uingereza ni namba 2, na sisi Afrika Mashariki tumewekwa namba 5. Kama deki yako haisomi maeneo yote, usinunue. Ukikuta Blu-ray ya Uingereza, hiyo ni nafuu kwetu, maana kwenye Blu-ray Ulaya na Afrika wote tuko kundi B.

Haya, tuione picha. Kamera za Technicolor, mfumo wa filamu za rangi, za enzi hizo zilikuwa zinarekodi kila tukio kwenye filamu tatu kwa mpigo, moja kwa kila rangi, halafu zinaunganishwa. Zikipishana hata kidogo, kila mtu anakuwa na kivuli chekundu au cha kijani pembeni. Nakala ya zamani niliyokuwa nayo ilikuwa hivyo hivyo. Ukitazama nusu saa macho yanauma. Hapa wamerudi kwenye filamu zile za asili na kuzisafisha upya. Sasa unaona kutu kwenye African Queen, ile boti yenye jina la filamu, unaona jasho shingoni mwa Humphrey Bogart, nahodha wake, na maji ya mto yana ule ukahawia wa matope, ya kwetu kabisa. Jack Cardiff, mpiga picha wake, alibeba mitambo ile mizito mpaka Mto Ruiki kule Kongo na Maporomoko ya Murchison, Uganda. Kazi yake leo inaonekana.

Ila usafi huo una gharama yake. Sehemu nyingi ambazo waigizaji wako majini zilipigwa studio Uingereza, na sasa maungio yanaonekana. Boti inaposhuka kwenye maporomoko, kwa mbali ni mfano mdogo, unautambua mara moja. Mimi hainisumbui. Picha haijazi kioo cha televisheni, kuna weusi kulia na kushoto. Acha hivyo hivyo, usiivute. Sauti ni ya njia moja, safi, na ule mlio wa injini ya mvuke unausikia vizuri.

Kuna tukio moja nalirudia kila mara. Boti imekwama kwenye matete. Bogart anashuka majini kuivuta kwa kamba, anapanda juu amejaa ruba mgongoni na kifuani, anatetemeka kama mtoto mwenye homa. Anawaondoa. Halafu anatazama kamba, anatazama maji, na anajua lazima arudi. Hasemi kitu. Tazameni uso wake tu wakati anaingia tena. Alipata Oscar kwa filamu hii, na ndiyo pekee aliyopata maishani. Katharine Hepburn naye ni mzito: dada wa mmisionari anayemwaga chupa moja moja ya jini mtoni huku Bogart, mwenye pombe yake, amelala hoi, kisha anakaa kimya kusoma Biblia.

Kinachoniuma ni watu wetu. Hadithi iko Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, mwaka 1914. Kijiji kinachomwa moto, wanakijiji wanaswagwa, na filamu haiwaulizii tena mpaka mwisho. Hakuna hata mmoja tunayemjua kwa jina. Nawaambia ili ukikaa na watoto uwe tayari, maana watauliza wale walikwenda wapi.

Na ile meli ya Wajerumani ambayo Bogart na Hepburn wanaiwinda ziwani? Mimi ni mtoto wa Ujiji, hapa siwezi kunyamaza. Mwandishi wa riwaya, C. S. Forester, aliichukua kwenye vita halisi ya Ziwa Tanganyika. Mojawapo ya meli za Wajerumani ilikuwa Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, ikaletwa vipande vipande Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi wakapaka injini grisi nzito ili siku moja iweze kuibuliwa. Ikaibuliwa mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ndiyo hiyo hiyo Liemba. Babu yangu alisafiri nayo mpaka Mpulungu na magunia yake ya dagaa.

Kwenye diski kuna pia makala ya karibu saa moja kuhusu upigaji wa filamu, inaitwa Embracing Chaos. Itazameni baada ya filamu, siyo kabla. Manukuu ya Kiswahili hayamo, kwa hiyo mimi nikitazama na mama huwa namtafsiria, na kwenye ruba huwa hanihitaji.