Vikao vitatu vya ushauri wa ajira kwa mwenye uzamili wa Kichina

Miezi kadhaa baada ya kuhitimu shahada ya uzamili ya lugha na fasihi ya Kichina, nililipia huduma ya ushauri wa ajira inayotolewa mtandaoni, ambayo hujinadi kuwa imebobea katika kuwahudumia wahitimu wa lugha. Mteja hupewa vikao vitatu vya saa moja moja, kisha ripoti ya maandishi. Sitaitaja jina, kwa sababu mshauri mmoja alinikera na mwingine alinifaa sana, nami sipendi huyo wa pili ahesabiwe ameoza kwa ajili ya samaki mmoja.

Kikao cha kwanza kilikuwa hasara. Nilijaza dodoso refu kuhusu tabia yangu na mambo ninayoyapenda, na majibu yakazaa orodha ambayo mtu yeyote angeitunga bila dodoso: ualimu, tafsiri, uongozaji watalii, na juu kabisa ukalimani katika Umoja wa Mataifa. Ni kweli kwamba Kichina ni mojawapo ya lugha sita rasmi za Umoja huo, na hilo ndilo lililomtosha mshauri. Hakuniambia kwamba wakalimani wa chumba cha Kichina, yaani kibanda wanamokaa wakalimani wa lugha hiyo mkutanoni, sawa na wenzao wa Kiarabu, hufanya kazi kwenda na kurudi: haohao wanaokalimani hotuba kuingia Kichina ndio wanaozitoa katika Kichina kwenda Kiingereza au Kifaransa. Anayekalimani katika chumba cha Kiingereza hudaiwa lugha kama Kifaransa, Kihispania au Kirusi, wala Kichina hakimfungulii mlango. Kwa hiyo mtu kama mimi, niliyejifunza Kichina ukubwani, ningekuwa nashindania kiti na watu walionyonya lugha hiyo pamoja na maziwa ya mama zao. Mshauri wa lugha asiyeuliza lugha yako ya kwanza ni ipi bado hajaanza kazi.

Mshauri wa kikao cha pili aliwahi kuwa mfasiri, na tofauti ilionekana ndani ya dakika tano. Hakuniuliza ninapenda nini. Alinionyesha kwenye skrini aya moja ya mkataba wa ubia na kunitaka niisome kwa sauti moja kwa moja katika lugha nyingine. Nilikwenda vizuri hadi nilipofika kwenye mtaji wa yì 3.6, nikatamka milioni 36. Kichina huhesabu kwa makumi elfu, yaani wàn, na kwa mamia ya milioni, yaani yì, kwa hiyo kiasi sahihi kilikuwa milioni 360. Nilikuwa nimeandika tasnifu nzima juu ya ushairi wa enzi ya Tang, na hapo nikawa nimekula sifuri moja ya mteja. Alicheka kidogo, kisha akaeleza kwamba kosa hilo ndilo linalowaangusha wengi katika majaribio ya ukalimani wa biashara, na kwamba linatibika kwa mazoezi ya kila siku ya kusikiliza tarakimu tupu.

Kutoka hapo alinipeleka mahali ambapo sikuwahi kupafikiria: tafsiri ya hataza, yaani hati zinazompa mvumbuzi haki ya pekee juu ya uvumbuzi wake. Tangu mwaka 2019 China imekuwa nchi inayowasilisha maombi mengi zaidi ya hataza za kimataifa kupitia mkataba unaosimamiwa na WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki za ubunifu na uvumbuzi lenye makao yake Geneva, na nyaraka hizo lazima zisomwe na mawakili na wahandisi wasiojua hata alama moja ya Kichina. Alinifungulia dai moja la hataza. Lilikuwa sentensi moja ndefu ajabu, yenye nukta moja tu mwishoni, na katikati yake maneno qí tèzhēng zàiyú, yaani "ambacho sifa yake bainifu ni kwamba", yanayotenga kile kilichokwisha kujulikana na kile ambacho mvumbuzi anadai ni kipya. Vifafanuzi vyote vya Kichina hutangulia nomino, kwa hiyo mfasiri hulazimika kuifumua sentensi na kuisuka upya kuanzia mkiani, bila kupanua wala kupunguza dai. Kwa mara ya kwanza niliona faida ya miaka niliyoitumia kuchambua sentensi za kale zisizo na alama za uandishi. Hakunificha kwamba tafsiri ya kawaida sasa imegeuka, kwa sehemu kubwa, kuwa kazi ya kusahihisha matokeo ya mashine kwa malipo ya chini, na kwamba anayenusurika ni yule aliyeiunganisha lugha na fani nyingine, iwe sheria, kemia au uhasibu.

Nafasi nyingine alizipitia haraka: ukutubi katika maktaba zenye makusanyo ya Kichina, uchunguzi wa kampuni kabla ya mikataba, na kuandaa michezo ya kompyuta kwa soko jingine. Kuhusu vyeti, alinishauri kufanya HSK, mtihani rasmi wa China wa kupima umahiri wa Kichina kwa wageni, wa ngazi ya 7 hadi ya 9, ulioanza kutolewa mwaka 2022. Una sehemu ya kutafsiri ndani yake, jambo ambalo HSK ya zamani ya ngazi ya 6 haikuwa nalo, na mwajiri asiyeelewa uzamili wa fasihi huelewa ngazi.

Kikao cha tatu kilihusu wasifu na usaili, nacho kilikuwa cha wastani. Jina la tasnifu yangu lilishushwa hadi mwisho wa ukurasa, na mahali pake pakaandikwa aina za nyaraka ninazoweza kuzitafsiri na mwelekeo wa lugha ninaoumudu. Badiliko hilo pekee liliniletea majaribio mawili ya tafsiri ndani ya mwezi mmoja, baada ya muda mrefu wa ukimya.

Anayetaka kuitumia huduma hii aombe tangu mwanzo mshauri aliyewahi kufanya kazi ya lugha, tena aombe kwa maandishi, kwa kuwa mgawo wao wa washauri hauzingatii fani ya mteja. Ripoti yangu ilifika ikiwa imechelewa kwa wiki mbili. Hataza hazikutajwa popote, na katika nafasi ya kwanza alikuwa bado amekaa mkalimani wa Umoja wa Mataifa.