Poda ya Kwato kwa Miezi Kumi: Farasi Wangu Wawili wa Ufukweni Mombasa

Wiki iliyopita nimekwangua kopo la tano la poda ya kwato. Kopo lina kilo moja na nusu, kijiko chake cha kupimia kinachukua gramu 25, na kijiko kimoja ndicho posho ya siku, kwa hiyo huisha siku ya 60. Makopo matano ni siku 300. Kwa bei niliyonunulia, shilingi 7,200 kila kopo, ni 36,000 zilizopita tumboni mwa farasi mmoja. Kama unafikiria kununua, soma kwanza yaliyonikuta.

Nina farasi wawili wa kupandisha wageni, kutoka Bamburi mpaka ufukwe wa Pirates na kurudi, maji yakitoka. Tausi ni jike, ana kilo 400 hivi. Kaskazi ni dume aliyehasiwa, mfupi kidogo, mpole kama mbuzi wa nyumbani. Desemba iliyopita kwato za mbele za Tausi zilikuwa zimepasuka kuanzia chini kupanda juu, kingo zinamong'onyoka kama ukoko wa mkate mkavu. Kiatu cha kushoto kiling'oka mara tatu mwezi huo, na mara moja kilimtoka mbele ya familia iliyokwisha kulipa. Msimu wa Krismasi, na mimi nazirudisha pesa za watu mchangani!

Nilidhani ni goti. Nikalikanda goti wiki nzima. Ami yangu, ambaye alifuga punda Lamu tangu ujana wake, alikuja kutusalimia, akamtazama Tausi akivuka ua hatua nne tu.

"Huyu yuwaumwa ukwato, si goti. Hebu muinue mguu."

Nikamuinua. Ami akanusa, akakunja uso. "Lini mara ya mwisho umekata hizi?"

"Ami, ni kama miezi mitatu..."

"Miezi mitatu! Wewe kucha zako wazikata lini?"

Sikuwa na jibu.

Kosa langu la kwanza la kununua nilifanya siku mbili baadaye. Niliingia duka moja la dawa za mifugo, nikaona kopo limeandikwa "biotini", ile vitamini inayosifiwa kwa kwato, kwa herufi kubwa, nikalipa, nikatoka kifua mbele. Nyumbani nikavaa miwani, nikasoma yale maandishi madogo nyuma: miligramu 3 kwa kijiko. Kiwango kinachotajwa kwa farasi mzima ni kati ya miligramu 15 na 20 kwa siku. Ningehitaji vijiko vitano mpaka saba, na kopo lingeisha kabla ya mwezi. Hilo halimo katika hesabu ya 36,000. Lihesabu kama karo ya shule. Kopo nililoagiza baadaye lina miligramu 20 kwa kijiko, pamoja na zinki, shaba na methionini (kijenzi cha protini), na hivyo vitatu si pambo. Ukwato ni keratini, kitu kile kile cha kucha na nywele, na keratini haiundwi kwa vitamini peke yake. Usitazame jina la mbele ya kopo, geuza nyuma uhesabu miligramu. Na kama tayari unampa farasi mchanganyiko mwingine wa madini, linganisha seleni iliyomo kwenye vyote viwili. Ikizidi, kwato hupasuka na nywele za shingo na mkia hukatika, na wewe utaongeza poda ukidhani haijatosha.

Fundi wa kwato tunamleta kutoka Nairobi kwa treni, tunachanga nauli wenye farasi kadhaa. Alifika katikati ya Januari. Aling'oa viatu vyote vya Tausi, akakata kwa koleo, akasawazisha kwa tupa, kisha akafanya jambo ambalo naona ndilo limenifundisha kuliko kopo. Alichora mkwaruzo mdogo kwa ncha ya tupa kwenye ukwato wa mbele, sentimita moja chini ya mstari wa nywele. Akamchora Kaskazi vile vile. "Huu mkwaruzo," akasema, "ukifika chini, njoo tuongee habari ya poda. Kabla ya hapo ni maneno tu."

Nilichoelewa ni hiki. Ukuta wa ukwato hauna uhai, unasukumwa kutoka juu, pale nywele zinapoishia, milimita 8 hivi kwa mwezi. Ufa uliopo leo hauzibwi na chochote unachomlisha, wala unachompaka. Vijana wa ufukweni wanapaka mafuta ya nazi, wengine oili chafu ya gari, Mungu awasamehe. Mafuta ya nazi yanang'arisha kwa picha, basi. Ukuta mpya ndio unaoweza kuwa bora, na mpaka ushuke wote kutoka juu hadi ncha ya mbele ni miezi tisa mpaka mwaka. Kwa hiyo ukisoma mahali mtu anasifu poda kwa wiki tatu, anasifu kitu kingine.

Kaskazi sikumpa poda. Si kwa sababu ya utafiti, ni kwa sababu ya mfuko. Lakini wote wawili walikatwa siku moja kila baada ya wiki sita, wakala nyasi zile zile, wakalala banda lile lile. Nilipima mikwaruzo yao kila fundi alipokuja. Ilishuka sambamba, na ziara ya nane, mapema Novemba hii, koleo liliikata yote miwili siku hiyo hiyo. Poda haikuuharakisha ukwato hata milimita. Baadaye nikaja kujua kwamba farasi wa aina ya Lipizzaner waliopewa miligramu 20 kila siku katika utafiti wa miaka ya 1990 walionyesha jambo hilo hilo: mwendo wa kukua haukubadilika, na uzuri wa ukwato ulianza kuonekana baada ya miezi tisa hivi.

Uzuri, basi, upo? Kwa Tausi naona upo. Ukuta ulioshuka ni laini, hauna vile vipele vya kumong'onyoka, na tangu Julai fundi alipomrudishia viatu vya mbele kwa ajili ya lami kati ya Mtopanga na ufukwe, hakijang'oka hata kimoja. Misumari inashika. Lakini Kaskazi naye alikuwa na nyufa ndogo, na zimeisha bila kijiko hata kimoja. Bakteria wa tumboni mwa farasi hujitengenezea biotini wenyewe, na farasi ambaye anayo ya kutosha, ile ya ziada ataikojoa tu. Sitaapa kwamba kilichomponya Tausi ni kopo. Nusu, labda. Nusu nyingine ni kisu cha fundi.

Na ukavu. Hapa Mombasa adui mkubwa si ukosefu wa vitamini, ni maji yanayokuja na kuondoka. Asubuhi farasi yuko baharini, saa sita yuko kwenye mchanga unaochoma, jioni tunamwosha kwa mpira, usiku analala kwenye mkojo. Ukwato unavimba, unakauka, unavimba. Watu wetu wana imani kwamba maji ya chumvi ni dawa ya kila kitu. Kidonda kidogo, sawa. Lakini ukwato unaoloweshwa mara mbili kwa siku hauwi mgumu hata ukiulisha dhahabu. Siku hizi tunaingia majini mara moja, tunafuta miguu kwa gunia, na banda nimeliinua kwa kokoto na maranda ninayopewa na maseremala.

Hata hivyo masika ya mwaka huu yalitushinda. Mwezi wa Mei mvua ilipiga siku tano mfululizo, na kijana wangu akaruka kusafisha kwato siku mbili. Siku ya tatu niliposhika mguu wa nyuma wa Kaskazi harufu ilinipiga kabla sijautazama. Ile nyama ya pembetatu katikati ya wayo, ambayo inatakiwa iwe imara kama mpira, ilikuwa imelainika na mifereji yake ya pembeni imejaa uchafu mweusi. Tuliisafisha kwa brashi na iodini kila siku, fundi akapunguza nyama iliyooza, na ami akaleta mrututu wake, ile chumvi ya shaba ya buluu, punje chache ndani ya pamba iliyosokotwa, isiguse nyama hai kwa sababu inaunguza. Wiki mbili. Gharama yote haikufika shilingi 600, na hakuna poda ingefanya kazi hiyo. Chombo cha kuchokolea uchafu bei yake ni kama sahani ya pilau. Kinunue kabla ya kopo.

Wakati huo huo nikahakikisha chanjo ya pepopunda haijapita. Jina lenyewe linasema, lakini farasi naye huathirika vibaya, na msumari mmoja wa mashua uliofichwa na mchanga unatosha.

Kwenye chakula nimebadili mambo mawili. Pumba nimezipunguza, kwa sababu zina fosforasi nyingi na kalsiamu haba, na zikizidi mifupa ndiyo inayolipa. Badala yake nawapa mashudu ya nazi, yaliyoloweshwa, yasiyonuka ukungu. Wanga wake ni mdogo, na sisi watu wa pwani tunayapata bila kusafirishiwa kutoka bara. La pili, nimepiga marufuku wageni kuwalisha mahamri na mahindi. Wanaudhika, najua. Lakini farasi akizidiwa na wanga anaweza kupata laminaitisi, ule uvimbe wa tishu zinazoushikilia ukuta kwenye mfupa ndani ya ukwato, na hapo hauzungumzii tena nyufa, unazungumzia farasi asiyeweza kusimama. Ukigusa ukwato ukaukuta wa moto, na mpigo wa damu nyuma ya kifundo unagonga kwa nguvu, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Turudi kwenye kopo, maana ndilo ninalolikadiria. Kasoro zake: kifuniko si cha hali ya hewa yetu. Kopo la pili liligandamana kuwa jiwe wiki ya tatu, nikawa nalivunja kwa uma. Sasa nikifungua tu nahamishia kwenye ndoo ya mfuniko wa mpira. Muuzaji aliniletea moja karatasi yake ya ndani imetobolewa, akakataa kulibadilisha, akasema ndivyo zinavyokuja. Siyo. Na harufu yake Tausi hakuipenda, siku nne za kwanza alikula nyasi akaacha poda chini ya pipa, mpaka nilipoichanganya na mashudu na kijiko kimoja tu cha molasi.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Kwa ulinganisho, fundi ameniomba 3,500 kwa farasi kila ziara, bila viatu, kwa hiyo ziara nane za Tausi ni 28,000. Nafuu kuliko makopo, na yeye nampa tano, hata kama husahau kupokea simu. Kama pesa yako inatosha kitu kimoja, mwite fundi. Ikibaki, na kwato za farasi wako ni mbovu kweli, siyo chafu, nunua poda ya mwaka mzima au usinunue kabisa.

Kopo la sita la Tausi nimeliagiza, litafika Ijumaa. Kaskazi ataendelea na mashudu yake. Fundi anarudi katikati ya Desemba, na ameahidi kuchora mikwaruzo mipya.