Kuweka Debian bila CD wala flashi: uzoefu wangu na PXE

Laptopu yenyewe ni ya enzi za Pentium M: prosesa ya biti 32, RAM ya GB 1, sehemu ya CD imekufa, na BIOS, programu ya msingi inayoiwasha mashine, haiitambui flashi wakati wa kubuti (kuanzisha mfumo). Wengi wakifikia hapo huitoa vipuri wakaitupa. Mimi niliiwekea Debian 12, mfumo wa uendeshaji wa Linux, kwa kebo ya mtandao tu, na kwa mashine za aina hii naipendekeza njia hiyo kwa moyo wote.

Mashine nyingi za miaka ya 2000, hata zile zisizobuti kwa USB, zina PXE, yaani kadi ya mtandao inaweza kuomba mfumo kutoka kompyuta nyingine. Fungua menyu ya kubuti, kwa kawaida kwa F12, uangalie kama kuna chaguo la mtandao. Likiwepo, CD huihitaji tena.

Kazi kubwa iko kwenye kompyuta ya pili. Yangu ilikuwa na Linux tayari, nikaweka dnsmasq, programu ndogo inayoweza kugawa anwani za IP na kutuma faili kwa TFTP, njia rahisi ya kuhamisha faili kwenye mtandao. Kutoka Debian unapakua netboot.tar.gz, kifurushi cha kubuti kwa mtandao, ya i386 (yaani ya prosesa za biti 32); ukiifungua utakuta pxelinux.0 (faili ya kuanzia), kerneli (kiini cha mfumo) na initrd.gz (faili yenye kisakinishi chenyewe). Kwenye mipangilio ya dnsmasq unawasha enable-tftp, unaelekeza tftp-root kwenye folda hiyo, unaongeza mstari wa pxe-service unaoitaja pxelinux, kisha dhcp-range yenye neno proxy. Hilo neno proxy usiliache! Ruta tayari inagawa anwani, na dnsmasq ikianza kugawa za kwake, vifaa vingine kwenye mtandao huo vinaweza kukosa intaneti. Ukiweka proxy, ruta inaendelea na kazi yake, na dnsmasq inaieleza tu laptopu faili ya kuanzia iko wapi.

Kuanzia hapo ni raha. Kisakinishi cha Debian kwa maandishi hakina urembo wowote, na ndiyo maana nakipenda: kwenye RAM ndogo kinakwenda bila kukwama, na kila swali kinaliuliza kwa wakati wake. Ikifika zamu ya kuchagua eneokazi, yaani mwonekano wa madirisha na menyu, ondoa GNOME iliyo nzito, chagua LXQt iliyo nyepesi. Xfce nayo inafaa, ila kwa GB 1 kila megabaiti ina thamani.

Malalamiko ninayo. Karibu kila kitu kinapakuliwa wakati wa usakinishaji, kwa hiyo intaneti inayokatika-katika itakutesa. Pia netboot haibebi faimuwea, yaani programu ndogo zinazoendesha kifaa, za kadi za Wi-Fi. Kadi yangu ya Intel ilianza kufanya kazi baada ya kuongeza kifurushi cha firmware-ipw2x00, nikiwa bado kwenye kebo. Na kivinjari kwenye mashine hii ni kizito hata ufanyeje. Kuandika, kusoma PDF na kusikiliza muziki ndiko inakong'ara.

Linaloniuma zaidi ni kwamba Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha i386. Toleo la 12 ndilo la mwisho kwa prosesa hizi, na msaada wake wa muda mrefu unafika Juni 2028. Mwenye mashine ya biti 32 kabatini asisubiri.

Kama yako bado inawaka na ina GRUB, programu ya Linux inayoanzisha mfumo, hata kompyuta ya pili huihitaji. Pakua linux na initrd.gz kutoka folda hiyohiyo ya netboot, ziweke kwenye /boot, washa upya, bonyeza c kwenye menyu ya GRUB, zipakie kwa amri za linux na initrd, kisha andika boot. Kisakinishi kinaendeshwa chote ndani ya RAM, kwa hiyo unaweza kufuta diski nzima, pamoja na hiyo GRUB uliyoanzia.