Saiba yangu Kayole na programu za kutafuta picha: ninazozitumia na niliyoacha kuilipia

Ukutani mwa saiba yangu hapa Kayole, karibu na steji ya Masimba, kuna karatasi ya bei. Kuprinti 10, kuskani 20, kuandikiwa barua ya kazi 100. Mwaka jana niliongeza mstari mmoja kwa kalamu nene: "Kutafuta picha 50." Nilichoshwa na watu wanaoingia wamenyoosha simu, "Mama Imani, hebu nitafutie huyu ni nani," wanakaa nusu saa wakila bando langu, kisha wanatoka na asante tupu.

Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu anayelipwa shilingi 50 kwa kazi hii. Na jambo la kwanza ninalomuuliza mteja ni hili: unataka kujua picha hii imewahi kuonekana wapi, au unataka kujua uso huu ni wa nani? Wengi hudhani ni swali moja. Programu ya swali la kwanza na programu ya swali la pili hazina undugu, na shida zake pia ni mbalimbali.

Nianze na nyumba, maana hizo ndizo nyingi. Kijana mmoja alitoka Kitui, amepata kazi kwenye ghala, akaona Facebook bedsita ya Donholm kwa 7,500: taili mpaka dari, kabati nyeupe za jikoni. "Ajenti" alitaka 2,000 za kushikilia nyumba kabla hajaiona, eti wateja ni wengi. Nilianza na Google Lens, ile ya Google unayoionyesha picha nayo ikatafuta, kwa sababu iko tayari kwenye simu. Ikaniletea kabati. Kabati nzuri kweli, zinauzwa, na bei zake pembeni. TinEye, tovuti inayotafuta picha hiyohiyo mtandaoni, ikasema sifuri. Yandex, mtandao wa kutafuta wa Warusi, nayo ikamwaga majiko ya dunia nzima. Nikaikata ile picha, nikabakiza dirisha na kona ya sinki peke yake, nikairudisha Yandex. Tokeo la tatu lilikuwa dirisha lenyewe, kwenye tovuti ya kukodisha vyumba iliyoandikwa Kituruki.

Ndipo nikaona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu muda wote. Soketi ya ukutani ilikuwa na matundu mawili ya duara. Hapa kwetu tunachomeka plagi ya miguu mitatu bapa, Donholm ikiwemo. Kijana alicheka mpaka akaketi. Zile 2,000 zilikuwa bado kwenye M-Pesa yake.

Google Lens siidharau, lakini ni dalali. Ukiionyesha kitu, inataka kukuuzia. Vipuri vya pikipiki, dawa ambayo boksi lake limepotea, maandishi ya Kichina kwenye redio kutoka Luthuli, hapo haina mpinzani. Ina pia sehemu ya kueleza kuhusu picha yenyewe, na mara nyingine hukuonyesha kurasa zilizowahi kuitumia. Ila kwa uso wa mtu wa kawaida haikusaidii, na nadhani ni makusudi. Mama mmoja aliileta picha ya mwanamume aliyevaa suti ya buluu. Lens ikamletea suti. Za buluu, saizi zote.

TinEye ni chombo cha zamani, cha kampuni ya Toronto, Kanada, kipo tangu 2008. Hakitambui nyuso kabisa. Kinachukua picha yako, kinaitengenezea kitu kama alama ya kidole, kisha kinaitafuta picha hiyohiyo kati ya zaidi ya bilioni 70 kilizozihifadhi, hata kama imekatwa au kupunguzwa ukubwa. Ni bure kwa mtu binafsi, na wanasema hawaingizi picha unayopakia kwenye hazina yao. Ninachokipendea ni kitufe kimoja: kupanga matokeo kuanzia la zamani zaidi. Aprili 2024, mafuriko yalipobomoa nyumba za watu Mathare, kwenye kundi letu la WhatsApp la ploti ilizunguka picha ya gari linasombwa darajani, "Outering sasa hivi, msipite." Dakika moja TinEye, na gari lile lilikuwa limeshasombwa miaka tisa mfululizo katika nchi tatu. Msimamizi wa kundi alinijibu kwamba hata hivyo tuwe waangalifu. Sawa.

Lakini tahadhari: tarehe ambayo TinEye inakupa ni siku ilipoikuta picha, haimaanishi siku ilipopigwa. Inaweza kukuambia "si ya leo." Haiwezi kukuambia ni ya lini. Na picha zetu nyingi haizijui hata kidogo. Picha iliyopigwa Kayole, ikatumwa WhatsApp, ikaishia Facebook kwenye kundi lililofungwa, TinEye itaionea wapi? Sifuri yake usiichukue kama cheti cha uaminifu. Nimeona watu wakifurahi, "haijapatikana popote, kwa hiyo ni ya kweli." Hapana.

Yandex ni ya Warusi. Ukurasa wake wakati mwingine unafunguka kwa Kirusi na unabonyeza kwa kubahatisha. Kwa majengo, mandhari na nyuso, hata hivyo, ndiyo inayonipa majibu mara nyingi kuliko zote za bure. Inakuruhusu kuvuta kisanduku juu ya sehemu unayoitaka, na siri yake yote iko hapo: usiipe picha nzima, ipe kona. Siweki huko kitambulisho cha mteja wala picha ya mtoto wa mtu, kwa sababu sijui inaenda kulala wapi. Bing ninayo kama tairi la akiba.

Sasa nyuso.

Kuna shangazi mmoja mwimba kwaya, mteja wangu wa kuprinti ratiba za Jumapili. Siku moja alisubiri watu waishe, akafunga mlango nusu, akatoa simu. Miezi saba alikuwa akiandikiana na mhandisi wa mafuta aliye baharini, mjane, ana binti mmoja. Sasa kuna mzigo umekwama kwenye forodha na zinatakiwa shilingi 64,000. Shangazi alikuwa na picha zake kumi na moja. Nilizijaribu nne, hakuna kitu popote. Ya tano mhandisi alikuwa amevaa fulana yenye maandishi kifuani, na yale maandishi yalikuwa yanasoma kinyume. Picha ilikuwa imegeuzwa kama kwenye kioo. Wezi hufanya hivyo kwa sababu inatosha kuzichanganya baadhi ya programu. Nikaigeuza irudi ilivyokuwa, nikabakiza kichwa na mabega, nikaipa Yandex. Akatokea. Hakuwa mhandisi. Alikuwa daktari wa Marekani, mwenye mke, na picha zake zilikuwa zimetumiwa kwenye akaunti nyingi za uongo kiasi kwamba mwenyewe ameandika onyo.

Shangazi alilitazama lile onyo muda mrefu. Nilidhani analia. Kumbe anasoma. Kisha akaniuliza, "Kwa hivyo huyu mtu yuko?" Nikamwambia yuko, lakini hajawahi kukuandikia hata neno. Akasema, "Najua, mama. Nauliza tu kama yuko." Nilimrudishia ile hamsini yake, akakataa kuipokea.

Kesi yake ndiyo iliyonifanya nilipie PimEyes. Hii haitafuti picha. Inaupima uso wako, inaugeuza kuwa namba, halafu inatafuta namba zinazokaribiana nazo katika kurasa za wazi za intaneti. Ilianzia Poland mwaka 2017, baadaye ikanunuliwa na msomi wa Georgia. Bila malipo unaonyeshwa nyuso lakini anwani za kurasa zimefichwa; ili kuzifungua, mpango wa kawaida nilioulipia ulikuwa takribani dola 30 kwa mwezi, karibu shilingi elfu nne zetu. Kwa saiba ya mtaani hiyo ni wateja themanini kabla sijala. Na haiingii Facebook wala Instagram, ambako ndiko Wanairobi wengi waliko, kwa hiyo nusu ya wateja wangu wangeondoka mikono mitupu.

Niliijaribu kwa uso wangu. Sekunde chache tu. Ikaniletea picha ya mafunzo ya chama niliyohudhuria 2016, nimekaa safu ya nyuma nimefumba jicho moja, kwenye ripoti ya shirika ambalo sikujua kama lina tovuti. Nilikuwa na nywele fupi na kilo kumi pungufu, na bado ilinijua. Kama chombo, ndicho chenye nguvu kuliko vyote nilivyogusa. Kwa hilo nakipa haki yake.

Wiki ya pili aliingia mwanamume, mtu safi, viatu vimeng'aa, ana picha ya msichana iliyokatwa kutoka kwenye picha ya harusi. Unaona bega la mtu mwingine pembeni. "Ni mke wangu, amepotea, nasikia una programu ya sura." Nilimuuliza kama ameripoti polisi na nambari ya OB, ile ya kitabu cha ripoti cha polisi, ni ipi. Akasema bado. Nikamwambia akishaipata aje nayo, nitamsaidia bure. Akaweka elfu moja mezani. Nikamrudishia. Akaniuliza kwani shida ni gani, si ni mke wake? Aliondoka na sijamwona tena.

Usiku ule nilifikiria sana kuhusu ule ukurasa. Kabla ya kutafuta, unaweka tiki kwamba uso ni wako na una umri wa kutosha. Nani anayekagua? Hakuna. Angekuwa na elfu nne na simu yake mwenyewe, asingehitaji kuja kwangu. Na hapa Kenya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu data za kibayometriki, uso ukiwemo, kuwa data nyeti. Ofisi ya Kamishna wa Data haitanii: 2023 ilitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Mimi na printa yangu ya mkopo tungefika wapi?

Mwezi ulipoisha sikulipa tena. Kabla ya kutoka niliomba uso wangu uondolewe kwenye matokeo, huduma ambayo ni bure. Wanataka picha yako pamoja na kitambulisho ulichofunika maelezo yasiyohitajika. Niliona kichekesho kuwapa uso wangu wa tatu ili wauache wa kwanza, lakini nilifanya.

FaceCheck.ID niliigusa mara mbili. Hiyo inaingia hadi kwenye mitandao ya kijamii na kurasa za wahalifu, inatoa alama hadi 100 kuonyesha imani yake, na malipo yake ni ya sarafu za mtandaoni, jambo ambalo kwa mtaa wangu ni sawa na kusema lipa kwa dhahabu. Nilimtafuta dada yangu, kwa ruhusa yake. Ikaniletea mwanamke aliyekamatwa Marekani kwa kuiba dukani, alama sabini na kitu. Wanafanana paji la uso, basi. Hili lina historia: 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipima programu nyingi za nyuso na ikakuta kwamba, katika kulinganisha picha mbili, nyingi zilikosea kwa kudai "ni yeye" mara 10 hadi 100 zaidi kwa nyuso za Wamarekani weusi na Waasia kuliko za Wazungu, kutegemea programu. Kwa hiyo alama ya sabini juu ya uso kama wangu mimi naisoma arobaini. Dada yangu hataki hata kusikia jina la ile tovuti. Kila tukienda supamaketi anashika mkoba wake juu.

Kwa hiyo leo ukija kwangu, mpango ni huu. Picha ya nyumba, ya mafuriko, ya bidhaa: tunaanza TinEye tukitafuta ya zamani, halafu Yandex kwa vipande, Lens ikibaki ya vitu na maandishi. Leta picha yenyewe, usilete skrinishoti yenye betri na saa juu, na ukiweza muombe aliyekutumia aitume kama faili, maana WhatsApp huibana. Uso natafuta wa aina mbili tu: wako mwenyewe, au wa mtu anayekuomba pesa, na natumia hizi za bure. Wa jirani, wa mpenzi wa zamani, wa msichana uliyemwona kwenye matatu, hapana, hata ukiniwekea elfu mbili.

Bei ni 50 ileile. Matokeo yakiwa sifuri nakurudishia 20, kwa sababu bando limekwenda.