Ripoti ya mwaka ya app yangu ya kripto: hongera nyingi, ada hakuna

Jamani hizi ripoti za mwaka ambazo soko za kripto zinatutumia kila Desemba, safari hii nimekaa na yangu na daftari pembeni. Jina la app silitaji, jueni tu ni kubwa na hapa Kampala wengi wanayo.

Inakuja kama stetasi za WhatsApp, picha moja moja, rangi na muziki. Ya kwanza hongera, ya pili sarafu uliyoipenda, ya tatu ndo ilinichekesha dukani mpaka mteja akauliza kuna nini: eti mwaka huu nimefanya biashara ya dola 14,600 na niko kwenye asilimia 8 ya juu. Mimi huyu? Nauza makava na chaja, pesa niliyoingiza kwenye app mwaka mzima ni dola 1,200, imeandikwa. Hiyo 14,600 ni pesa ileile inazunguka, natoka USDT, ile sarafu ya kripto inayofuata thamani ya dola, naenda bitcoin narudi USDT, na wao kila mzunguko wanahesabu upya, kama konda wa taksi amhesabu abiria mmoja kila akipanda halafu ajisifu kabeba kijiji kizima.

Sasa ada ziko wapi? Nimepitia picha zote kumi mbele nyuma, hamna. Wanakata asilimia 0.1 kila oda, kwa hiyo hiyo 14,600 wanayonisifia imewapa dola 14.60, kama elfu hamsini na tatu za hapa. Sio hela ya kulilia, lakini kama jumla ya biashara yangu mnaijua mpaka dola ya mwisho, ada inawashinda nini? Na hiyo ndo ndogo. Maumivu yako P2P, pale unaponunua USDT kwa shilingi kutoka kwa mtu mwenzako ndani ya app. Mwaka huu siku nyingi maduka ya fareksi yalikuwa yanauza dola moja kwa shilingi 3,650, muuzaji wa USDT ananiuzia kwa 3,720, shilingi 70 juu ya kila dola, zidisha kwa 1,200 ni elfu 84, na app inaandika ada sifuri. Sawa, hawakuchukua wao, ila mfukoni kwangu imetoka.

Halafu jirani yangu wa vipuri pale Kisekka kanionyesha yake, ana picha ya kijani imeandikwa faida yake ya mwaka. Mimi sina hiyo picha. Nikadhani ni mtandao, nikafunga nikafungua, bando likaenda bure. Kumbe tuliopata hasara tumewekewa picha ya nyota na mwezi, "safari inaendelea". Nimefunga mwaka na dola 1,070, hilo nalijua kwa kalamu yangu mwenyewe.

Niwape haki yao kidogo. Tangu FTX, lile soko kubwa la kripto, ianguke Novemba 2022 na pesa za wateja, soko nyingi zimeanza kutoa ushahidi wa akiba, yaani kuonyesha kwamba pesa za wateja wanazo kweli, na hii yangu wanao. Salio la kila mteja linageuzwa kuwa msimbo wa herufi na namba usiosomeka, zinaunganishwa mbili mbili kwenda juu mpaka inabaki moja, wanauita mti wa Merkle, na unaweza kukagua kama jani lako, yaani msimbo wa salio lako, limo. Nimekagua, limo. Shida ni picha ya siku moja tu, na madeni ambayo kampuni inadaiwa nje ya hapo hayaonekani. Ila kitu hiki cha maana wamekificha ndani kabisa ya mipangilio, kwenye ripoti hakimo hata kwa mstari mmoja, wakati sarafu niliyoipenda imepewa skrini nzima na fataki.

Na sisi huku hatuna pa kukimbilia. Benki Kuu ilishaziambia kampuni za malipo mwaka 2022 zisisaidie kugeuza kripto kuwa pesa ya simu, kwa hiyo yakikukuta utamlilia nani? Na waliolizwa na Dunamiscoins, ule utapeli wa kripto wa hapa Uganda, mwaka 2019 bado tunao mtaani. Ndo maana nataka karatasi yenye nilichoingiza, nilichotoa, mlichokata, basi.

Nyota mbili kati ya tano, moja ya huo mti wa Merkle, nyingine kwa sababu app haijawahi kunigomea kutoa hela. Niliwaandikia huduma kwa wateja nikaomba jumla ya ada zangu za mwaka. Baada ya siku tatu wamenijibu niipakue historia ya oda mwezi kwa mwezi nijumlishe mwenyewe, na chini wakabandika kitufe cha kushea ripoti kwa marafiki.