Rima kabla ya mashine ya msasa: vifaa vya kutengeneza kisu cha kukunja nyumbani

Haya, karibuni mezani. Mbele yenu kuna drili ya mezani, rima ya milimita 3 (kifaa chenye meno cha kusawazisha tundu lililotobolewa), kipimo cha saa (chenye sindano inayoonyesha tofauti ndogo sana za urefu) na mashine ya msasa wa mkanda. Kazi yenyewe ni kisu cha kukunja chenye springi ya mgongoni, kile cha kufungua kwa ukucha. Najua kuna atakayeuliza mbona si cha kujifyatua. Hicho Uingereza kimepigwa marufuku tangu 1959, na si huko tu. Ujue sheria ya ulipo kabla hujagusa chuma. Hiki cha springi, kisicho na kufuli, makali yasipozidi inchi 3, hukohuko Uingereza mtu anatembea nacho mfukoni.

Chuma ni O1 (aina ya chuma cha kutengenezea zana) cha milimita 3 kwa bapa na springi, na shaba ya njano ya milimita 1 kwa kuta mbili za ndani.

Mashine ya msasa ndiyo ghali kuliko vyote hapa, na ndiyo unayoweza kuishi bila. Tupa nzuri na jiliwa vinatosha, utachoka mikono tu. Rima, lakini, usiikwepe. Toboa kwanza tundu la pini kwa keekee ya milimita 2.9, halafu pitisha rima taratibu, na mafuta, kwa mwendo mdogo wa drili. Usiizungushe kinyume hata wakati wa kuitoa, meno yake yatakufa. Tundu la drili ya mkononi huwa na umbo la yai, na kisu kitacheza hata ukigonga ribiti mpaka kesho.

Sasa tazameni kipimo hiki kwa karibu. Nimefunga bapa na springi kwenye ubao wenye pini, sindano imekaa mgongoni mwa springi. Kisu kikiwa wazi: sifuri. Nusu: sifuri. Nakifunga... mnaona? Imepanda milimita 0.12. Maana yake kisigino cha bapa (ile sehemu ya nyuma inayogusa springi) kimezidi upande ule wa kufungia, ndipo pa kupiga tupa, mipigo miwili kisha unapima tena. Chuma kinapunguzwa, hakiongezwi, kwa hiyo sehemu ya chini kabisa ndiyo inayofuatwa na nyingine. Tofauti ikibaki 0.03, acha. Haya yote yafanyike kabla ya kutia chuma maji, yaani kukifanya kigumu kwa moto na mafuta.

Kwenye moto, sumaku ikiacha kushika, ongeza kidogo, kama nyuzi 800, kisha zamisha kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa hadi nyuzi 50. Tupa ikiteleza bila kung'ata, chuma kimeiva. Bapa liingie oveni nyuzi 200, saa mbili, mara mbili. Springi irudishwe motoni zaidi, mpaka rangi ya buluu. Ukiipa nyuzi 200 kama bapa itakatika siku chache tu.

Mwisho ribiti, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Kata kipande cha kopo la soda, kitoboe, kibane kati ya bapa na shaba, gonga pini kwa nyundo nyepesi, kisha kivute kitoke. Nafasi ile nyembamba ndiyo inayoliacha bapa lipite. Ukisahau, kisu kitafunguka kwa koleo. Kikifunga kilie “ta!”, tone moja la mafuta kwenye pini, halafu ndiyo unanoa, usinoe mapema, utajikata wakati wa kugonga.