Ziara ya kumbukumbu ya Kursk, Murmansk: nyota mbili kwa wenyeji wetu, tano kwa mahali

Mimi ni fundi wa mitambo melini, na niliposhuka Murmansk, Urusi, nikiwa na siku mbili za kupumzika nililipia ziara ya nusu siku: sanamu ya askari iitwayo Alyosha, kumbukumbu ya mabaharia waliokufa wakati wa amani, halafu Lenin, ile meli ya kuvunja barafu. Gari lilikuwa safi na lenye joto, dereva mstaarabu, na walifika saa waliyosema. Hapo sina neno.

Ugomvi wangu ni zile dakika kumi. Kwenye kumbukumbu kiongozi alitaja tarehe, akataja watu 118, akasema "ajali ya mazoezi", pigeni picha, twendeni. Nikamwomba tukae kidogo. Akanionyesha saa.

Kinachosimama pale, kando ya kanisa linalotazama ghuba, ni kipande cha mnara wa nyambizi Kursk yenyewe. Ilizama tarehe 12 Agosti 2000 katika Bahari ya Barents, kina cha mita 108 hivi. Ikainuliwa mwaka 2001, ikakatwakatwa, na kipande hiki kikaja kukutwa kwenye yadi ya vyuma chakavu kabla ya kuwekwa hapa mwaka 2009. Chuma kama hicho hukitazami dakika kumi.

Na "ajali ya mazoezi" si maelezo. Topido (kombora la chini ya maji) moja ilivujisha haidrojeni peroksidi, kimiminika cha kuiendesha ambacho kikigusa baadhi ya metali huchemka na kugeuka mvuke na oksijeni kwa nguvu ya kupasua chuma. Dakika mbili na kidogo baadaye vichwa vyenye baruti vya topido nyingine vikalipuka, mshindo ukanaswa na mitambo ya kupima matetemeko Norwe. Waingereza walishapoteza watu 13 kwa mafuta ya aina hiyo ndani ya nyambizi yao HMS Sidon mwaka 1955, wakaachana nayo. Hilo mgeni anastahili kuambiwa.

Zaidi ya yote, hakusema lolote juu ya chumba cha tisa, kule nyuma kabisa. Watu 23 walifika humo wakiwa hai. Luteni-kapteni Dmitri Kolesnikov, miaka 27, aliorodhesha majina yao, kisha akaandika kwamba ni giza lakini atajaribu kwa kupapasa. Mimi nimefanya mazoezi ya moshi ndani ya chumba cha injini, mtungi wa hewa mgongoni, taa zimezimwa, nikijua mlango ulipo na mwenzangu yuko nje ananisubiri. Hata hivyo mikono ilitetemeka. Yeye alishika kalamu. Baadaye kopo moja la kemikali ya kutengeneza oksijeni liligusa maji yenye mafuta, moto ukalipuka, na hewa iliyobaki ikaisha. Urusi ilikubali msaada wa nchi za nje tarehe 16. Wazamiaji wa Norwe walipofungua mlango tarehe 21, ndani kulikuwa maji matupu. Siku zote hizo ndugu zao walikuwa Vidyayevo, mji wa kambi ya nyambizi hiyo, wakingoja habari, na habari walizopewa zilibadilika kila kukicha. Mpaka leo hilo linaniuma.

Kesho yake nilirudi peke yangu kwa teksi. Nilikaa saa nzima. Mama mmoja mtu mzima alikuja na maua manne mekundu (kule maua ya marehemu huwa kwa idadi shufwa), akapangusa theluji kwa glavu, akayalaza moja moja yasigusane, akasimama bila kusema kitu. Nilivua kofia. Akaniitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Kwa hiyo nendeni kwa teksi, mwambieni dereva asiwasubiri. Vaeni viatu visivyoteleza, maana ngazi huwa na barafu. Lenin mwiweke siku nyingine.